Nimemfokea kipa wangu mbele ya mama yake. Timu iko mkiani, zimebaki mechi tatu. Nifanyeje?

MwalimuKorogwe (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kuandika ni mara chache. Leo naandika kwa sababu hapa mtaani sina mtu wa kumweleza jambo hili asilifikishe kijiweni kabla ya magharibi.

Nafundisha timu ya mpira hapa Korogwe, ligi ya mkoa. Vijana wangu ni mafundi pancha, wapiga debe wa stendi, wawili wanakata mkonge, mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Ijumaa saa kumi na nusu, maana kabla ya hapo jua la huku halimruhusu mtu kukimbia. Mipira tunayo mitano, mmoja kati ya hiyo hauna uduara tena.

Msimu uliopita tulimaliza wa tatu na watu wakaanza kusema mwaka huu tunapanda. Kisha washambuliaji wangu wawili wakaondoka. Mmoja alichukuliwa na timu ya Tanga mjini, mwingine kaenda Dar kutafuta maisha. Kwenye mkutano wa wanachama nikaulizwa itakuwaje. Nikasimama nikasema waliobaki wanatosha. Nilisema kwa sauti ya juu kabisa na nikapigiwa makofi.

Timu ziko 8, mechi 14. Tumecheza 11: tumeshinda 1, sare 3, tumefungwa 7. Pointi 6. Anayetutangulia ana 9.

Sasa lililonileta hapa. Jumapili ya wiki iliyopita tulikuwa nyumbani na timu ya kutoka Muheza. Mpaka dakika ya 87 ni 1-1. Wakapata mpira winga ya kulia, krosi ikaja juu, kipa wangu akatoka. Akaugusa kwa ncha za vidole tu, ukamdondokea mshambuliaji wao mguuni, goli halina mtu. 1-2.

Nilitoka benchi nikaenda hadi nyuma ya goli. Nikamwambia kwa sauti ambayo upande wote ule waliisikia: "Wewe ndiye unayetushusha daraja! Wewe!" Na mengine nilisema ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama yake huuza mihogo ya kukaanga palepale, kama hatua ishirini kutoka kwenye nguzo. Mwamuzi alipokuja kunirudisha nilimwona yule mama kainamia karai lake, anageuza mihogo iliyokwisha kuiva zamani.

Kijana ana miaka 19. Leo siku ya nane hajatokea mazoezini. Simu inaita hadi inakatika. Kipa wa akiba ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Wiki hii hatukuwa na mechi, lakini Jumapili tunapanda Lushoto.

Mwenyekiti ameshaandika barua: mchezaji amesimamishwa kwa utovu wa nidhamu, kukacha mazoezi bila taarifa. Anataka saini yangu, kisha aitume kwenye grupu la WhatsApp la wanachama. Anasema watu wakiona hatua zimechukuliwa watatulia. Barua iko mezani hapa, mke wangu ameifunika na sahani mtoto asiichore.

Nisaini? Au niende kwa kina kijana? Nikienda, wenzake hawataniona nimelegea, kila mtu aanze kuja mazoezini saa anayotaka yeye? Au niiachie timu kabisa? Naomba ushauri wa watu waliowahi kukaa benchi au kucheza, maana wa kijiweni ninao wa kutosha.

---

JiweLaMsingi

Pole mkuu, lakini tuambiane kweli. Pointi 6 kati ya 33, wewe mwenyewe ungekuwa mwenyekiti ungefanyaje? Simba walipopigwa 5-1 na Yanga tarehe 5 Novemba 2023 hawakungoja. Siku mbili tu kocha wao Robertinho akaaga. Na kabla ya siku ile alikuwa hajapoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule! Wewe umefungwa saba. Kipa ni dalili tu, ugonjwa ni benchi. Achia timu kwa heshima, mpishe mwenzako ajaribu hizo tatu.

---

MzeeWaChumbageni

Mwanangu, kabla sijasema neno nina swali moja. Huyo kijana kutoka golini kuifuata ile krosi, alijituma mwenyewe au alitumwa?

---

MwalimuKorogwe

Shikamoo mzee.

Alitumwa. Nilimwambia mimi, wakati wa mapumziko. Timu ya Muheza walikuwa na mshambuliaji mrefu, kipindi cha kwanza alitusumbua sana hewani, na goli lao la kwanza lilikuwa la kichwa. Nikamwambia kipa: "Kipindi hiki krosi zote ni zako, toka, usingoje." Aliniitikia "Sawa mwalimu."

Nilipokuwa naandika pale juu nililiruka hilo. Sikulisahau. Nililiruka.

---

MzeeWaChumbageni

Marahaba mwanangu. Nilihisi. Kipa wa miaka 19 katika timu iliyo mkiani hatoki golini dakika ya 87 kwa kupenda kwake. Huganda kwenye mstari. Akitoka ujue kuna mtu kamsukuma.

Basi na wewe unalijua, naye analijua. Alipokuwa anakusikiliza ukimfokea alikuwa anakusikia pia ukimwambia "krosi zote ni zako." Ndiyo maana simu hapokei. Hakukasirishwa na kelele, kelele za makocha wachezaji wamezizoea. Amekaa nyumbani anajiuliza kama mwalimu wake ni mtu wa kuaminika.

Nikueleze langu. Nilifundisha timu za mitaani hapa Tanga zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa na beki wa kushoto, kijana mpole, nikamwambia apande, asaidie mashambulizi. Akapanda kama nilivyotaka, nyuma yake wakapita, tukafungwa. Nikamtoa dakika ya 30. Si kumtoa tu, nilimwambia avue jezi palepale kwenye mstari ampe mwenzake, akakaa benchi kifua wazi, na watu wanatazama. Hakusema kitu, na hakurudi tena kwenye mpira. Mpaka leo tukikutana barabara ya kumi na mbili huniamkia vizuri sana, "Shikamoo mwalimu," na ananishika mkono kwa mikono miwili. Kila akiniamkia nakumbuka kile kifua. Imepita miaka thelathini na ushei na bado sijamwambia kuwa alipanda kwa amri yangu.

Kwa hiyo nenda. Nenda leo kama unaweza, au kesho asubuhi. Usiende na katibu wala nahodha, ukienda na ujumbe itakuwa kikao. Usibebe hela, usibebe sukari, wasije wakaona umekuja kumnunua mtoto. Ukikaribishwa kiti kaa, ukiambiwa kaa mkekani kaa mkekani. Anza na mama, kwa maana yeye ulimvunjia heshima mbele ya wateja wake. Kisha mwambie kijana hivyo hivyo ulivyotuandikia hapa, "nilikutuma mimi." Na Lushoto usiitaje kabisa! Ukitaja mechi ya Jumapili tu, kila ulichosema kabla yake kitageuka kuwa ombi la kazi. Ukimaliza, aga, ondoka.

Halafu kuna la pili, na hili ni gumu zaidi. Ulimkosea uwanjani, nyumbani kwao utakuwa umelipa nusu tu. Nusu nyingine inadaiwa palepale uwanjani, mbele ya wenzake.

Barua usisaini. Mwambie mwenyekiti, "Mimi ndiye niliyesababisha utoro, ukisimamisha mtu nisimamishe mimi."

Ndugu yangu JiweLaMsingi amekupa hadithi ya Simba nusu. Baada ya Robertinho alikuja kocha Benchikha. Akawapeleka robo fainali ya Afrika, sawa, lakini mwishoni mwa Aprili 2024 naye akaondoka kwa sababu za kifamilia, ikabidi aitwe Juma Mgunda, wa hapahapa Tanga, aje amalizie. Simba wakamaliza wa tatu, pointi sawa na Azam, wakazidiwa magoli, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa ikaenda kwa Azam. Hiyo ni klabu yenye hela ya kuita kocha kutoka Algeria. Korogwe mkimtoa huyu, Jumapili atapanda Lushoto na timu nani?

---

glavuzazamani

Kaka mwalimu, mimi ni dada, nimedaka mpira wa wanawake miaka sita, sasa ni muuguzi Dodoma. Mzee kasema ya utu, mimi niseme ya golini, kwa sababu naona mtamwomba kijana radhi halafu Jumapili mumpe maagizo yaleyale.

"Krosi zote ni zako" si agizo. Hakuna kipa duniani ambaye krosi zote ni zake. Krosi inayoshukia ndani ya boksi dogo ni ya kipa. Inayoshukia penati au nje ya hapo ni ya beki, kipa anabaki mstarini au hatua mbili mbele. Katikati ya hapo ndipo penye vita, na pale hauamui mguu, inaamua sauti: kipa anapiga kelele "Yangu!" mapema, beki anasikia, anaacha mpira na kumzuia yule mrefu asimgonge kipa wake. Je, mabeki wako waliwahi kufundishwa kumkinga? Mmefanya zoezi hilo mara ngapi wiki ile? Kama jibu ni sifuri, yule mtoto alitumwa kwenye msitu peke yake.

Na kuna kitu ninyi wa benchi hamkijui. Kipa ndiye mchezaji pekee ambaye mashabiki wako mgongoni kwake. Beki akikosea, kelele inatoka mbali. Sisi tunasikia mpaka jina la anayetutukana. Siku niliyofungwa goli la kijinga (mpira ulipita katikati ya miguu, mechi ya mtoano), nyuma ya goli palikuwa na mwanamume mmoja akanitukana mpaka filimbi ya mwisho. Yeye nimeshamsahau sura. Kocha wangu alikuwa mita hamsini, hakusema kitu, ila kipindi cha pili alimtuma kipa wa akiba aje kupasha misuli nyuma ya goli langu. Hilo sijalisahau. Sasa wewe ulikuja mwenyewe ukasimama nilipokuwa nikimwona yule mtukanaji.

Jambo la mwisho, huyo wa miaka 16 msimsahau. Anatazama. Akiona mwenzake kasimamishwa kwa barua, Lushoto atadaka huku anaiogopa barua yake.

---

MtangaWaDortmund

Wakuu, nimesoma huu uzi mara mbili usiku huu baada ya kutoka zamu. Naishi Dortmund tangu 2011, na mwalimu, msimu wako nimewahi kuuona kwa macho yangu, mkubwa zaidi lakini ni uleule.

Ni msimu wa 2014-15 wa Borussia Dortmund, wa mwisho wa kocha Klopp hapa. Hii ni timu iliyokuwa bingwa 2011 na 2012 na ikacheza fainali ya Ulaya Wembley 2013. Kiungo Götze akaondoka kwenda Bayern, mwaka uliofuata mshambuliaji Lewandowski akamfuata bila ada hata senti. Wakaletwa Immobile na Ramos, pengo halikuzibika. (Hapo nilipofika kwenye habari ya washambuliaji wako wawili nilitikisa kichwa.) Mechi ya kwanza ya ligi, nyumbani, Leverkusen walifunga sekunde ya tisa. Watu walikuwa hawajakaa.

Tarehe 30 Novemba tukafungwa 2-0 Frankfurt. Goli la pili sikilizeni: beki wetu Ginter anarudisha mpira kwa kichwa kwa kipa wake, kumbe Weidenfeller ameshatoka golini, mpira unampita, Seferović wa Frankfurt anamalizia. Kipa ametoka, beki hakujua. Sauti haikuwepo, kama anavyosema dada glavuzazamani. Usiku ule tulikuwa wa 18 katika ligi ya timu 18.

Mechi iliyofuata, na Hoffenheim, Klopp akamweka Langerak golini. Weidenfeller akakaa benchi, mtu ambaye miezi mitano tu nyuma alikuwa kwenye kikosi cha Ujerumani kilichotwaa Kombe la Dunia. Tukashinda 1-0, lakini haikutosha. Tulikwenda kwenye mapumziko ya baridi tukiwa wa 17, pointi 15, tumefungwa mechi 10 kati ya 17. Klopp hakujiuzulu na klabu haikumfukuza.

Mwaka ulipoanza, Weidenfeller akarudishwa golini. Tarehe 4 Februari 2015 wakaja Augsburg. Nilikuwa uwanjani, jukwaa la kusini, lile la kusimama ambalo linachukua watu wapatao 25,000. Baridi ile inaingia kwenye soli ya kiatu. Bobadilla wao akafunga mwanzoni mwa kipindi cha pili, kisha Augsburg wakabaki kumi, na bado hatukuweza kurudisha. 0-1, mkiani tena. Jukwaa lote lilipiga miluzi. Nimekaa hapa miaka mingi, miluzi ile sijaisikia tena.

Wachezaji walikuja mbele yetu wakasimama. Kisha wawili wakasogea mpaka kwenye uzio kuongea na watu ana kwa ana. Mmoja ni Hummels, nahodha. Wa pili ni Weidenfeller. Kipa yuleyule aliyetolewa Desemba. Mimi nilikuwa mbali, maneno sikuyasikia, lakini nilimwona anasikiliza, anajibu, anasikiliza tena.

Nililolishika mimi ni hili, mwalimu. Klopp alimweka kipa wake benchi. Hakumtupa. Mtu uliyemweka benchi anaweza kurudi akasimama mbele ya watu 25,000 kwa niaba ya timu. Mtu uliyemwandikia barua ya utovu wa nidhamu ukaituma kwenye grupu, huyo hana mlango wa kurudi, hata kama ungemhitaji kwa machozi. Kwa hiyo usichanganye mambo mawili. Kama unaona Lushoto adake yule wa miaka 16, hiyo ni haki yako ya kocha, na mwambie mkubwa uso kwa uso. Barua ni kitu kingine.

Baada ya Augsburg tulishinda nne mfululizo mwezi ule: Freiburg 3-0, Mainz 4-2, Stuttgart 3-2, na Schalke, watani wetu, 3-0. Tarehe 15 Aprili Klopp akatangaza kwamba msimu ukiisha anaondoka. Tulimaliza wa saba na pointi 46, na fainali ya kombe Berlin tukafungwa 3-1 na Wolfsburg. Hakuna kikombe. Lakini mechi ya mwisho nyumbani, na Bremen, watu wazima walikuwa wanalia kwenye jukwaa lile lile la miluzi, mimi mmoja wao.

---

JiweLaMsingi

Mzee shikamoo, umenirekebisha kwa Simba, nakubali. Sikujua kama kipa alitumwa. Hilo linabadilisha. Ila kwenye mkutano wa wanachama mwalimu aliposema "waliobaki wanatosha" nako kuna deni, naona hakuna aliyeligusa. Wale vijana wamebeba maneno yake msimu mzima.

---

MzeeWaChumbageni

Marahaba. Hapo umesema kweli kabisa, na nilipitiwa. Mwalimu, hilo nalo libebe.

---

MwalimuKorogwe

Wakuu, nimerudi kuwapa mrejesho, imepita wiki. Samahani kwa ukimya.

Siku ile ile usiku nilimpigia mwenyekiti nikamwambia sisaini. Alikasirika, akasema basi nitabeba mzigo mwenyewe. Nikamwambia ni wangu. Barua nimemrudishia kesho yake mkononi, haijachorwa.

Asubuhi nikaenda Manundu, kwenye banda la pancha la kijana, kando ya barabara kuu. Nilimkuta na tairi la fuso, mkono mmoja kwenye beseni la maji anatafuta tundu. Aliniona, akaendelea. Nikachuchumaa upande wa pili wa beseni. Nikamwambia nilikuja kwenu kwanza kwa mama, mama kaniambia uko huku. Ni kweli nilianzia kwa mama. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, aliniambia tu, "Mwalimu, mimi nilikuwa nimewaambia wateja wangu kuwa yule golini ni mwanangu." Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Kijana nilimwambia: nilikutuma mimi utoke, ulifanya nilivyokuagiza, na agizo lilikuwa baya. Nikamweleza hata kwa nini lilikuwa baya, kama dada alivyofundisha hapa, boksi dogo, penati, sauti. Alikuwa ameacha kutafuta tundu. Akauliza, "Kwa hiyo ulijua?" Nikasema nilijua, tangu njiani narudi benchi. Hakujibu. Akaja mwenye fuso akaanza kulalamika anachelewa, nikaaga. Lushoto sikuitaja, mzee. Ulimi uliniwasha lakini sikuitaja.

Alhamisi kabla ya kukimbia niliwakalisha vijana kwenye duara. Niliwaambia habari ya krosi, kwa ukamilifu. Kisha nikawaambia habari ya mkutano: nilisema mnatosha kwa sababu nilitaka kupigiwa makofi, nilipaswa kusema tunahitaji washambuliaji wawili na klabu itafute hela. Nahodha wangu, yule mwalimu wa shule ya msingi, akasema, "Mwalimu, sisi hilo tulikuwa tunalijua toka mechi ya tatu." Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa naogopa wataniona nimelegea. Siku ile walifika kumi na saba, na Ijumaa kumi na saba wale wale, saa kumi na nusu kamili.

Kipa wangu alikuja Alhamisi hiyo tukiwa tumeshaanza. Hakuvaa vya mazoezi, alikuwa na ovaroli lake la oili. Akasimama pembeni. Tulikuwa tunafanya lile zoezi la sauti, yule mdogo golini anapaza "Yangu!" kisauti chembamba, mabeki wanajifunza kumkinga. Baada ya muda nikaona mipira inarushwa kwa mdogo kutoka upande wa pili, ni yeye, amesimama kwenye nguzo, anamrushia na kumwelekeza, "Piga kelele mapema, mapema!"

Nilimwuliza kama atadaka Jumapili. Akasema hapana, adake mdogo, yeye atakuja. Nikakubali.

Lushoto tulitoka 0-0. Mdogo alitoka golini mara nne, mara tatu akaupata, mara ya nne beki akamwokoa mstarini. Mkubwa alikaa nyuma ya goli lake kipindi chote cha pili, dada, sikumtuma. Tuna pointi 7 na bado tuko mkiani. Mwenyekiti hajapokea simu yangu.

Wakati wa kurudi kipa mkubwa alikaa kiti cha nyuma yangu kwenye Coaster. Tulipofika Soni akanigusa bega akauliza, "Mwalimu, ile ya Muheza, ilikuwa inashukia wapi?" Nikamwambia mimi niliona penati. Akasema yeye aliona hatua moja ndani ya hapo, na kwamba angepiga kelele angeipata. Tulibishana mpaka Mombo, nahodha akaingilia, mdogo naye akaamka akatoa lake.

Jumapili tunacheza nyumbani saa kumi. Amesema atadaka.